Vikombe sawa, ila safari ile mmeipita mbio

Mhariri, nimeisoma taarifa yenu ya muhula wa shule binafsi anakosoma binti yangu: vikombe vya hoki, mdahalo, tamasha la muziki. Hongera zao, wamejituma. Kilichonigusa mimi ni sentensi moja mliyoipita mbio, kwamba kundi la wanafunzi limemaliza ngazi ya shaba, yaani ya kwanza, ya Tuzo ya Duke of Edinburgh, mpango wa kuwakuza vijana.

Tuzo hiyo, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956, haimshindanishi mtoto na mwenzake. Anajitolea, anafanya mazoezi ya viungo, anajifunza ujuzi, kisha wanasafiri kikundi kwa siku mbili na kulala usiku mmoja hemani, mizigo mgongoni, wakijipikia wenyewe. Binti yangu alirudi na malengelenge visiginoni, na kabla hajavua viatu alishaanza kusimulia walivyopotea njia na jinsi walivyokaa chini kuisoma upya ramani. Mtoto mwenyewe mpole, asiyewahi kupanda jukwaani kupokea zawadi!

Naomba mwandishi arudi awahoji wanafunzi hao. Pia aulize uongozi kama shule jirani za serikali zinaweza kualikwa kwenye safari ijayo, maana mahema na mabegi shule hii huwa inayo ya kutosha kuwaazima.