Mwelekezi wa kukodiwa na mchezo wa wanafunzi

Muhula wa kwanza ukianza, shule nyingi za upili nchini Kenya huzama katika mazoezi ya tamasha za kitaifa za drama, zilizokuwapo tangu 1959. Kuna michezo, mashairi, densi, na ngoma za kubuni zinazosimulia kisa kizima kwa kuimba. Shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi taifa, na washindi hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Heshima hiyo ndiyo iliyozaa soko la waelekezi wa kukodiwa: wasanii wasio walimu wa shule husika, wanaoandika mswada, kutunga nyimbo, kupanga densi, kisha wakalipwa.

Wanaowatetea wana hoja nzito. Shule nyingi hazina hata mwalimu mmoja wa muziki. Mwalimu wa Kiswahili aliyekabidhiwa chama cha drama ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha, na huenda hajawahi kufundishwa jinsi ya kumsaidia msichana wa miaka 15 aimbe huku akicheza bila kuishiwa pumzi. Mwelekezi mzoefu huligundua tatizo hilo siku ya kwanza. Atashusha ufunguo wa wimbo, awaachie waitikiaji mstari mrefu, mwimbaji apate nafasi ya kuvuta pumzi anapogeuka. Huo ni ufundi, na mwanafunzi aliyeuonja hausahau.

Lakini ingia kwenye mazoezi ya baadhi ya shule hizo. Mkono unainuliwa kwenye mstari wa tatu kwa sababu mwelekezi amesema uinuliwe. Ukimuuliza mwimbaji anamlilia nani katika wimbo ule, anamtazama mwelekezi kwanza. Isitoshe, shule ya kutwa isiyo na pesa inashindana na shule iliyonunua mswada, maleba na mtunzi. Hapo kinachopimwa ni mfuko wa bodi ya shule.

Mwaka 2025 suala hili lilitufikia kwa kishindo kupitia Butere Girls, shule ya upili ya wasichana huko Kakamega. Mchezo wao uliandikwa na Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, na ulikosoa utawala. Ulipoondolewa kwenye tamasha, Mahakama Kuu iliamuru uruhusiwe. Tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Polisi walikuwa wamerusha vitoa machozi. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji mwanasiasa asiye mwalimu alikuwa na shughuli gani na wanafunzi.

Swali la waziri lingekuwa na uzito zaidi lau lisingefuata vitoa machozi. Hata hivyo, si la kupuuzwa. Wasichana walieleza kwamba hawakuwa na mwelekezi wao, mapambo ya jukwaa wala vyombo vya sauti. Anayetaka kuthibitisha kuwa mchezo ulikuwa wa Malala anaweza kushika maneno hayo. Mimi naona mengine pia: uamuzi wa kuimba kisha kuondoka waliutekeleza wenyewe, mwelekezi wao akiwa hayupo. Watoto wanaotumiwa kama vibaraka hawafanyi hivyo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka waelekezi wa nje wapigwe marufuku. Marufuku itaziumiza kwanza shule zisizo na mwalimu wa sanaa, na itawapa wakubwa kisingizio cha kunyamazisha michezo wasiyoipenda. Kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika mchezo, kisha wanakijiji wakaurekebisha na kuuongezea nyimbo na ngoma wanazozijua. Serikali iliupiga marufuku, lakini hakuna aliyeweza kusema haukuwa wa wanakijiji.

Shuleni hilo linawezekana. Mwelekezi aje na kisa, wanafunzi watunge angalau baadhi ya nyimbo na wawe na haki ya kukataa mstari wasiouamini. Mwalimu akae kwenye mazoezi yote, ajifunze, ili mwaka ujao asihitaji kukodi mtu kwa kila kitu. Mtaala wa umilisi umeingiza muziki na densi pamoja na drama na filamu kwenye mkondo wa sanaa na michezo wa sekondari ya juu, kuanzia Gredi ya 10 mwaka 2026, hivyo walimu hao watahitajika hata nje ya tamasha. Nao waamuzi, kabla ya kutoa alama, wawaulize waimbaji maswali mawili matatu kuhusu wimbo walioimba, mwelekezi akiwa nje ya ukumbi.