Shingo ya gitaa iliyoungwa si kiraka

Mteja akishika shingo mpya ya gitaa, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye ule mstari mwembamba unaokatiza pembeni, karibu na kizingiti cha nyuzi, kile kipande chenye mifereji kati ya shingo na kichwa. “Fundi, hii si umeunga?” Ndiyo, nimeunga. Na hapa Kisumu bado kuna watu wengi wanaoamini kwamba shingo ya mti mmoja ndiyo ya kutegemewa, na iliyoungwa ni ya kubahatisha. Kwa gitaa lenye kichwa kilichoinama nyuma, mimi naamini kinyume chake, na siyumbi.

Kichwa kinainama kwa sababu nyuzi zikitoka kwenye vikazio, vile vigingi vya kuzikazia, lazima zikandamize kizingiti, la sivyo zinavuma na kutoka kwenye mifereji yake. Mpigaji wa muziki wa benga anayetaka nyuzi nyembamba zilie kali na safi anaijua kero hiyo. Pembe ya kawaida ni kati ya digrii 13 na 17. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, wao walilikwepa jambo hili tangu 1950 kwa kichwa bapa kisichoinama na vishikizo vidogo vya kuvuta nyuzi chini. Ni njia nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini magitaa kavu, yasiyotumia umeme, tunayoletewa kutengeneza, karibu yote yana kichwa kilichoinama.

Sasa chukua gogo moja, uchonge shingo na kichwa pamoja. Mishipa ya mbao inakwenda sambamba na shingo, kisha kichwa kinageuka na mishipa haigeuki. Katika kichwa chenye unene wa milimita 15 kilichoinama digrii 15, kila mshipa unaanzia uso wa mbele na kutokea nyuma ndani ya sentimita 6 hivi. Mishipa mifupi namna hiyo haina cha kushikilia. Na hapohapo ndipo shingo ilipo nyembamba zaidi, na kwenye magitaa mengi yenye chuma cha kunyoosha shingo ndipo panapochimbwa tundu la kuifikia nati yake. Juu ya hayo yote, nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, mchana na usiku. Magitaa ya umeme aina ya Les Paul ya kampuni ya Gibson, yenye shingo ya mahogani na kichwa cha digrii 17, yanajulikana kwa mafundi wa dunia nzima kwa ufa wa mahali hapo. Gitaa likianguka chali kutoka kwenye kiti cha kanisani, au likibanwa na mizigo kwenye matatu, ufa unaouona una umbo lilelile: umelala, ni laini, unafuata mishipa. Mbao haikukatika, ilifunguka.

Kiungo cha mshazari kinauondoa udhaifu huo kwenye chanzo chake. Unakata ubao kwa digrii 15 karibu na mwisho wake, unakigeuza kile kipande kifupi, unaukalisha uso wake bapa kwenye mshazari wa kipande kirefu, unagundisha. Kichwa kinapata pembe, na mishipa yake inanyooka kutoka kizingiti hadi ncha. Ubao wa milimita 20 unakupa mshazari wa milimita 77. Ukiwa na upana wa sentimita 6, gundi inapata sentimita za mraba 46 za kushika, na inashika karibu kabisa kwa urefu wa mishipa, si kwenye vichwa vyake vilivyokatwa. Waundaji wa mashua huunga mkuku kwa mshazari kwa sababu hiyohiyo.

Msumeno si kazi kubwa. Kazi iko kwenye randa. Kipande kifupi kiweke juu ya kirefu, ukisogeze nyuma mpaka miteremko miwili iwe uso mmoja unaoendelea, ncha ya chini ikae kwenye ukingo wa meza juu ya kibao cha kuitegemeza. Bana kwa klampu, kisha randa kutoka juu kushuka, mpigo mmoja ukipita kwenye vipande vyote viwili. Mwanzoni randa inagusa vilima tu, vumbi na vipande vifupi vinatoka. Ukifika mahali unyoya wa mbao unatoka mzima, kutoka ukingo wa juu hadi ncha ya chini, uko karibu. Ile ncha inakuwa nyembamba kiasi kwamba ukiiinua kuelekea dirishani mwanga unapenya. Hapo randa butu itaing'oa, basi noa kabla, usinoe baadaye. Msasa uache kabisa: unaviringisha kingo, na kingo zilizoviringika ndizo zinazoacha mstari mnene wa gundi ambao wateja wana haki ya kuuogopa.

Kuna mambo mawili kuhusu gundi. Mshazari hunywa gundi kuliko uso wa kawaida, kwa hiyo paka mkono mwembamba wa kwanza, ngoja dakika chache, paka wa pili. Pia vipande hutereza vikikazwa. Toboa matundu mawili madogo pembeni, kwenye sehemu itakayokatwa kichwa kikichongwa, upigilie vijiti vya mianzi kabla ya klampu. Kaza mpaka gundi itokeze shanga ndogo ukingoni, uache hapo. Ukikaza zaidi unaikamua gundi yote nje.

Watu huniambia gundi nyeupe hulainika kwenye joto. Ni kweli, na gitaa lililofungiwa ndani ya gari juani mchana wa Kisumu linaweza kuharibika. Lakini joto hilohilo hubandua daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni, hata kwenye gitaa ambalo shingo yake ni ya mti mmoja. Dawa ni kutoliacha kwenye gari.

Halafu kuna suala la mbao, na hili linaniuma zaidi. Kichwa cha sentimita 18 kikiinama digrii 15, ncha yake inashuka karibu sentimita 4.7. Kwa shingo ya mti mmoja unahitaji gogo la unene wa sentimita 6 au 7, na sehemu kubwa yake inaishia kuwa takataka chini ya meza. Mvule uliochukua miongo mingi kukua huku magharibi mwa Kenya! Mbao nene pia hukauka polepole. Nje imekauka, ndani bado mbichi, na shingo inakuja kupinda ikiwa mikononi mwa mpigaji. Ubao wa inchi moja unapatikana, unakauka vizuri, na mabaki yake yanajenga kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili wa gitaa, kwa vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kisigino hicho, ajabu ni kwamba hakuna mteja anayekiuliza.

Sipendi pia mafundi wanaouficha mstari kwa rangi nyeusi. Wanamfundisha mnunuzi kwamba kuna aibu hapo.

Ukienda kununua, ligeuze gitaa pembeni na upitishe ukucha kwenye kiungo. Ukucha ukikwama, au mstari ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, lirudishe. Ukiwa mwembamba na umenyooka pande zote mbili, lipa. Na kama kichwa kimeinama lakini mstari huuoni popote, muulize fundi mishipa ya kichwa hicho inaelekea wapi.