Mbegu haziozi mwilini

Makala moja kuhusu vasektomi, yaani upasuaji wa kukata mirija inayopitisha mbegu za kiume, inasema baada yake mbegu "hubaki na kuoza ndani". Hapana. Korodani zinaendelea kutengeneza mbegu kama kawaida. Zikifika kwenye epididimisi, ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani, zinakwama. Hapo makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza uchafu, huzila na kuzimeng'enya.

Kwa nini kinga izishambulie mbegu za mwili wake mwenyewe? Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, kinga ikiwa tayari imeshajifunza kutambua vilivyo vyake. Ndiyo maana siku zote zimefichwa nyuma ya ukuta wa seli za Sertoli, zile zinazolea mbegu ndani ya korodani. Baada ya vasektomi, presha ndani ya mrija ikipanda na mrija ukivuja, mbegu zinamwagika kwenye nyama, seli za kinga zinazizingira, na kinatokea kijivimbe kigumu cha milimita chache pale mrija ulipokatwa. Hiyo ni granuloma, si saratani. Nyingi haziumi; ikiuma, dawa ya kutuliza uvimbe kama ibuprofeni mara nyingi inatosha.

Zaidi ya nusu ya wanaume hupata kingamwili dhidi ya mbegu, yaani protini za kinga zinazojishikiza kwenye mbegu. Kiafya hazidhuru, ila anayekuja kuunganishwa mirija tena ajue zinaweza kuzishikamanisha mbegu zishindwe kuogelea.

Na jambo ambalo makala imelisahau kabisa: kinga haisafishi mbegu zilizotangulia mbele ya mkato. Tumia kondomu hadi kipimo cha shahawa, takribani wiki 12 baadaye, kithibitishe hazipo.