Usianze na kamera, anza na alamu

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya ulinzi Kariakoo ukasema unataka kulinda nyumba, swali la kwanza utakaloulizwa ni "kamera ngapi?" Nne, nane, kumi na sita. Ukishajibu, hesabu inapigwa hapo hapo: kamera, DVR (mashine inayorekodi picha za kamera), diski, waya, ufundi. Habari ya alamu itakuja mwishoni, kama itakuja, na itakuja kama kachumbari: "Tunaweza kukuwekea na alamu, boss, ni kitu kidogo tu."

Naona mpangilio huo umekaa miguu juu kichwa chini. Kamera peke yake haimzuii mtu kuingia. Inakuonyesha asubuhi jinsi jamaa mwenye kofia na barakoa alivyokata grili ya dirisha la jikoni saa nane usiku, akatoka na televisheni. Video hiyo itazunguka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, watu wataandika "poleni sana", na mwenyekiti wa serikali ya mtaa atakuomba uitume tena kwa ubora mzuri. Kinachomkatiza mwizi kazi ni kelele, taa kuwaka na watu kuamka. Alamu ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kamera kazi yake ni kuitumikia alamu: kukuonyesha, ndani ya sekunde chache, kwamba aliyeiliza si paka.

Sasa, kabla hujaanza kulinganisha chapa, jiulize: ikilia saa nane usiku, nani anakuja? Swali hili ndilo linaloamua ununue nini, na wauzaji wengi hawaligusi. Kama umejiunga na kampuni ya ulinzi yenye gari la doria, nenda kwanza kwao uwaulize chumba chao cha udhibiti kinapokea taarifa kutoka paneli (boksi ambalo ndilo ubongo wa alamu) za aina gani. Unaweza kununua mtambo mzuri kuliko wao wote halafu ukakuta hauwezi kuwasiliana nao. Kama tegemeo lako ni majirani na vijana wa ulinzi shirikishi, unahitaji king'ora kikubwa cha nje, chenye taa inayomweka ili watu wajue ni nyumba ipi, pamoja na paneli inayoweza kupiga simu kwa namba nne au tano kwa zamu. Na kama uko Muscat au Mwanza kikazi na nyumba iko Madale, basi picha ndiyo macho yako, maana huwezi kumpigia jirani saa nane usiku kila mara mjusi anapopita mbele ya sensa, kile kifaa kinachogutuka kitu kikipita.

Hapo ndipo kuunganisha alamu na kamera kunapokuwa na maana. Wenzetu walishalipitia tatizo la alamu zinazolia bure. Mwaka 2000 jiji la Salt Lake City, Marekani, liliamua kwamba polisi hawatakimbilia tena alamu ya wizi ya nyumba au duka mpaka kwanza mtu athibitishe kwa macho kwamba kuna tukio. Zaidi ya asilimia 90 ya miito ile ilikuwa ya bure: mlango uliosahaulika wazi, mbwa, betri iliyochoka, mwenye nyumba aliyesahau namba zake. Huku kwetu hatuna haja ya amri ya halmashauri. Alamu ikilia bure mara tatu kwa wiki, jirani anavuta shuka tu.

Tatizo ni kwamba dukani, neno "inaunganishwa" lina maana yoyote utakayo. Mara nyingi lina maana kwamba alamu na kamera zote utaziona kwenye simu moja, kila moja na programu yake. Huko si kuunganisha. Kuunganisha ni pale mlango wa nyuma unapofunguliwa na kamera ya uani, bila wewe kugusa chochote, inaweka alama kwenye rekodi, inakata kipande cha video na kukuletea.

Njia za kufika hapo zipo kadhaa. Rahisi kuliko zote ni kununua kila kitu kutoka familia moja. Paneli za AX PRO za Hikvision, kampuni ya China, zinaweza kufunga sensa fulani na kamera fulani ya kampuni hiyo hiyo na kukutumia kipande kifupi cha video. Ajax, kampuni ya Ukraine, ina sensa za mwendo zenye kamera ndogo ndani inayopiga picha pale tu inapogutuka, na programu yao inakubali pia kamera za makampuni mengine. Ni vifaa vizuri, ila bei yake si ya kila mfuko, na ukishaingia kwenye familia umeingia: sensa ikifa baada ya miaka mitano lazima utafute ya ukoo uleule.

Ninayoipenda mimi ni ya kizamani. Geuza DVR uangalie mgongo wake. Kwenye nyingi za daraja la kati utakuta, pembeni ya matundu ya kamera, kipande cha plastiki ya kijani chenye skrubu ndogo, kimeandikwa 1, 2, 3, 4 na G. Nilimuuliza fundi mmoja, akiwa juu ya ngazi nyumbani kwa shemeji yangu Goba, yale ni ya nini.

"Hayo hatuyatumiagi, mzee," akanijibu, akaendelea kubana waya.

Pale ndipo taarifa ya alamu inapoingilia. Paneli ya alamu nayo huwa na tundu la kutolea amri, mafundi huliita PGM, au huwa na rilei kabisa, yaani swichi ndogo inayowashwa na umeme. Unatoa waya mbili kwenye rilei, unazifunga kwenye 1 na G, kisha unaingia kwenye menyu ya DVR na kuiagiza: 1 ikigusana na G, rekodi kamera zote kwa ubora wa juu, anzia sekunde chache kabla ya tukio, lia, tuma taarifa kwenye simu. Taarifa ya simu peke yake ndiyo inayohitaji intaneti. Mengine yote yanamalizikia ndani ya nyumba, na paneli ya Canada iliyofungwa miaka kumi iliyopita itaelewana na DVR ya China ya mwaka huu bila ugomvi. Fundi awe mwangalifu na kitu kimoja: PGM nyingine hutoa volti 12, na tundu la DVR linataka mguso mkavu usio na umeme, kwa hiyo katikati iwekwe rilei. DVR za bei ya chini kabisa hazina hicho kipande cha kijani. Liangalie hilo dukani kabla ya kuhesabu kamera.

Umeme nao. Watu huniambia, "paneli yangu ina betri, TANESCO wakikata haina shida." Tupige hesabu. Paneli ya kawaida na sensa zake inakula kama miliampia 150 hadi 200. Ile betri ya volti 12 na ampea-saa 7 inayokaa ndani ya boksi inaweza kuibeba zaidi ya siku nzima. Kamera nne zilizowasha taa zake za usiku, DVR yenye diski, na ruta, vyote pamoja ni kama wati 40. Betri ileile ingevibeba chini ya saa mbili. Kwa hiyo umeme ukikatika saa tano usiku, ikifika saa nane alamu iko macho na kamera zimelala, hata kama waya mbili zimefungwa vizuri kama kitabu kinavyosema. Na mwizi hahitaji kungoja mgao. Kwa nyumba nyingi mita ya LUKU na swichi kuu viko ukutani nje, anazima mwenyewe. Kamera mbili muhimu, DVR na ruta viwe kwenye inveta au betri kubwa zaidi. Kamera ya upande wa banda la kuku inaweza kusubiri umeme urudi. Joto letu linazichosha betri hizi mapema, hivyo usiamini iliyokaa humo tangu siku ya ufunguzi.

Paneli iwe pia na laini yake ya simu, isitegemee Wi-Fi peke yake. Laini hiyo isajiliwe kwa alama za vidole vyako, si vya fundi, na iwekewe salio na kutumika mara kwa mara, kwa sababu laini inayokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na hakuna atakayekupigia kukujulisha.

Kuhusu sensa nitasema machache tu, maana vipeperushi vimejaa maelezo. Sensa ya mwendo ya kawaida hupima tofauti ya joto kati ya mwili wa mtu na kilicho nyuma yake. Sebule ya Dar iliyofungwa mchana wa Februari, chini ya bati, inakaribia joto la mwili, na sensa ya bei poa inaanza kuona ukungu. Tafuta yenye teknolojia mbili, joto na mawimbi ya maikrowevu, na uifunge kona ambayo mtu atakatiza mbele yake badala ya kuijia uso kwa uso, kwa sababu hivyo ndivyo inavyoona vizuri. Feni na pazia linalopeperuka visiwe mbele yake. Sensa za mlango ziwekwe kwenye grili ya nje, siyo mlango wa mbao wa ndani, ili kelele ianze mtu akiwa bado na kazi ya kufanya. Zile za bila waya za bei ya chini zinazotumia masafa ya redio ya 433 MHz zina kasoro ya kimya: nyingi hutuma tu, hazipokei, hivyo paneli haijui kama sensa ya chumba cha nyuma imekufa betri mwezi uliopita.

Kamera kuwa ndiyo chanzo cha alamu? Hapana, kwa nyumba zetu. Zile zinazotambua binadamu zimepunguza fujo, nakubali. Lakini wadudu huzunguka kamera usiku, wadudu wanamwita buibui, buibui anatandaza utando mbele ya lenzi, na upepo ukivuma utando huo usiku unang'aa kama mtu anapita. Ukikaa Kigamboni au Mbezi Beach ongeza chumvi ya bahari inayokula viungio vya waya. Acha sensa ianzishe, kamera ithibitishe, na ufagio wa buibui uwe sehemu ya mfumo.

Halafu kuna jambo ambalo wanaume wenzangu hulichukulia kimzaha: kamera za ndani. Sebule yenye kamera ni sebule ambayo dada wa kazi anaishi chini ya jicho saa zote, mke anajifunga khanga kwa tahadhari, na wageni wanakaa kama wako studio. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ilitangulia na ya kwake mwaka 2019, lakini hata bila sheria, hili ni suala la heshima. Ndani weka sensa, au sensa yenye kamera inayopiga picha alamu ikiwa imewashwa tu. Kamera zikae nje, zielekee getini na kwenye kuta zako, zisichungulie uani kwa jirani. Huyo ndiye unayemtegemea aamke.

Lililobaki ni la nani hasa mwenye mfumo. Fundi akimaliza, mara nyingi DVR inakuwa imesajiliwa kwenye akaunti yake yeye, kisha "anakushirikisha" wewe. Unaona picha, unafurahi, unamlipa. Kwa sheria ya mtambo, mwenye nyumba ni yeye. Dai usajiliwe wewe kama mmiliki kwa barua pepe yako, na nywila ya kiwandani ibadilishwe mbele yako. Oktoba 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi zilizoachwa na nywila za kiwandani na kuzitumia kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Wenye hizo kamera hawakujua lolote. Nywila nayo haitoshi: Septemba 2021 Hikvision walilazimika kutoa marekebisho ya udhaifu uliomruhusu mtu aliyeifikia kamera kwa njia ya mtandao kuiamrisha bila nywila yoyote. Kwa hiyo muulize muuzaji kama kifaa kinapata masasisho, na akikutazama kama umeuliza bei ya mwezi ulioko angani, nenda duka la pili.

Siku ya makabidhiano usikubali maonyesho ya sebuleni. Bakiza sehemu ya hela ya ufundi. Ngojeni giza liingie, washa alamu, zima swichi kuu, chomoa ruta, kisha mtume fundi mwenyewe afungue mlango wa nyuma. King'ora kilie, simu yako iite kutoka kwenye ile laini ya paneli, na kwenye DVR kukutwe kipande chenye alama ya tukio na sura ya fundi inayotambulika. Mara ya pili rudieni umeme na intaneti vikiwepo, hesabu sekunde mpaka video ifike kwenye simu iliyo nje ya Wi-Fi ya nyumba. Ikipita nusu dakika, arudi kwenye menyu. Yakishakaa sawa mlipe chake, akuandikie kwenye karatasi msimbo wa fundi wa paneli, zile namba za siri za kuingilia mipangilio yake, na uubadilishe jioni hiyo hiyo.