Mkopo peke yake haumpi mtu sauti

Nyumbani Tanzania, kiongozi akiahidi kuwawezesha wananchi kiuchumi, tegemea mkopo. Vijana wapewe mkopo. Kina mama waunde kikundi, wapewe mkopo. Tangu nianze kufanya kazi Ujerumani naona tulianzia mwisho.

Huku mtu wa kawaida hatarajiwi kuwa mfanyabiashara. Anaajiriwa, na ajira yake ina kinga: kima cha chini cha mshahara cha nchi nzima tangu 2015, bima ya afya, notisi kabla ya kuachishwa. Akipoteza kazi baada ya kuchangia bima ya ukosefu wa ajira angalau mwaka mmoja, hulipwa kwa muda asilimia 60 ya mshahara wake baada ya makato, au 67 akiwa na mtoto. Hatajirika kwa hizo, ila anaweza kumjibu bosi. Wafanya usafi na wapanga mizigo wanakataa zamu ya ziada bila kunyenyekea. Wapo wanaoona ni kiburi cha Kizungu. Mimi naona ni bima.

Kwenye karatasi hatujazidiwa sana. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwachisha mtu kazi bila sababu halali, na CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ipo kusikiliza migogoro ya kazi. Lakini asiye na akiba hata ya mwezi ataanzaje kumshtaki anayemlisha? Nauli tu ya kuhudhuria shauri ni mtihani. Na wengi hawana hata mkataba wa kuonyesha.

Wanawake wa huku nao walipitia hayo. Ujerumani Magharibi, hadi 1977, sheria ilimruhusu mke kuajiriwa iwapo tu kazi haikugongana na wajibu wake wa ndoa na familia. Mke asiye na kipato chake akinyanyaswa, aende wapi?

Sisemi mikopo ifutwe. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba. Ni afadhali mara elfu kuliko kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Tatizo ni kwamba mkopo humtwisha hatari yote yule yule mwenye kidogo. Mtoto akilazwa, marejesho hayasubiri. Na kikundi kinachosubiri fungu kitampigia makofi hata mwanasiasa kisichomwamini. (Nani asiyeyajua makofi hayo?)

Ujerumani nako si peponi. Wahamiaji wengi wamenasa kwenye kazi ndogo zenye ukomo wa malipo, zisizo na bima ya ukosefu wa ajira. Hao ndio husema ndiyo kwa kila zamu, ingawa sheria za kazi zinawahusu kama wengine.

NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, tayari inaandikisha waliojiajiri. Ningependa sehemu ya fedha zinazotengwa kwa mikopo itumike kuwachangia hao, shilingi kwa shilingi, na mafao yaguse maradhi na ajali, si uzeeni tu. Dereva wa bodaboda akivunjika mguu asilazimike kuuza pikipiki ambayo bado anadaiwa. Gharama ni kubwa, sikatai, na wahasibu watauliza fedha zitoke wapi. Waulize hivyo hivyo kuhusu mikopo ambayo hairudi.