Pikseli Milioni Nane Sebuleni Kwangu

Mimi si mtu wa makuu, ila mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo nikarudi na televisheni janja ya inchi 55, ambayo boksi lake lilikataa katakata kuingia kwenye bajaji, ikabidi nikodi kirikuu kwa fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Muuzaji aliniapia kuwa ni 4K, na pale dukani ilikuwa ikionyesha kasuku ambaye manyoya yake ungeweza kuyahesabu moja baada ya jingine. Nilimpenda sana kasuku yule, wala sikujiuliza ni nani atakayeniletea kasuku nyumbani.

Usiku uleule nilichomeka king'amuzi, nikaita familia nzima, nikawasha taarifa ya habari. Mtangazaji alitokea na mashavu ya mtu aliyevimba jino pande zote mbili, na maandishi yanayopita chini ya kioo yalikuwa na ukungu utadhani yameandikwa kwa mkaa uliolowa. Mke wangu alitazama kwa muda, kisha akauliza kwa ule upole wake ninaouogopa: "Baba watoto, hii ndiyo uliyosema inaishinda ile ya chogo?"

Maelezo niliyapata baadaye, fedha zikiwa zimeshakwenda. Kioo cha 4K kina nukta, ambazo mafundi huziita pikseli, 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni nane, ambazo ni mara nne ya zile za Full HD, daraja la picha lililoitangulia 4K. Mimi nilikuwa nimeunganisha king'amuzi kwa zile nyaya tatu tulizozirithi kutoka kwenye chogo, wa njano, mweupe na mwekundu, na huo wa njano, ambao ndio unaobeba picha, hauwezi kupitisha zaidi ya picha ya kizamani yenye nukta 720 kwa 576. Ukipiga hesabu utaona kwamba ni wageni laki nne na ushei walioalikwa kwenye ukumbi wa viti milioni nane, kila mmoja akitakiwa akalie viti ishirini peke yake. Televisheni hulazimika kubuni cha kuweka katika viti vilivyo wazi, na ule ukungu ndio ubunifu wenyewe. Mashavu nayo yalikuwa na sababu: picha ya zamani yenye uwiano wa nne kwa tatu ilikuwa imevutwa ijaze kioo cha kumi na sita kwa tisa, kwa hiyo kila aliyeingia sebuleni kwangu kupitia kioo kile alinenepa kwa theluthi moja bila kula chochote.

Fundi aliniuzia waya wa HDMI, mashavu yakapungua, nami nikajisahau nikaweka DVD ya harusi yetu, iliyohamishwa kutoka kwenye kanda. Kwenye chogo nilikuwa bwana harusi nadhifu; kwenye inchi 55 nilikuwa vibuyu viwili vya rangi ya udongo vilivyovalishwa suti. Mke wangu alisogea karibu, akaniuliza ni nani yule aliyesimama ubavuni mwake. Sikuona sababu ya kujibu.

Kijana wangu akashauri tutafute picha ya 4K yenyewe kwenye intaneti. Ilipatikana, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilimwona tena kasuku wangu, maana jasho la staringi lilionekana tone kwa tone. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba picha ya namna hiyo inaweza kula hadi gigabaiti saba kwa saa moja, na bando langu la wiki lilikata roho staringi akiwa bado hajavuka barabara. Tangu siku hiyo kijana huishusha picha hadi nukta 480 kwa kimo, tunarudi kwenye mkaa uliolowa, na luku inaendelea kuliwa vilevile.

Lililonikera kuliko yote ni la kochi. Fundi alinifahamisha, huku akihesabu fedha zake, kwamba kwa inchi 55 jicho zima likikaa mbali kwa zaidi ya mita mbili na kidogo haliwezi tena kutofautisha 4K na Full HD, na kochi langu lilikuwa mita tatu na nusu kutoka kwenye kioo. Nilizilipia pikseli zote milioni nane, sikukubali zipotelee hewani. Nimelivuta kochi hadi mita moja na ushei, meza ya kahawa imehamia varandani, na magoti yetu yanakaribia kugusa kabati la televisheni.

Jumapili mama mkwe alikuja kututembelea, akatukuta tumejipanga mbele ya kioo kama wanafunzi wa dawati la kwanza, nyuma yetu kukiwa na uwanja mtupu. Alisalimia, akapokea maji, akamvuta binti yake kando na kumwuliza, kwa sauti niliyoisikia vizuri tu, tatizo hili la macho la mume wake lilianza lini.