Redio zetu Nyanda za Juu: ziongeze wati au zijaze mabonde kwanza?

Wapenzi wa redio huku kwetu wanabishana sana mtandaoni redio gani inafika mbali, wa Mbeya anasema ya kwao anaishika safi mpaka Igawa, wa Kyela anajibu huku hata mkwaruzo hamna, wa Iringa naye anasema yake inamfuata mpaka Kitonga juu, akianza kushuka tu imepotea. Ukiwasikiliza vizuri kambi ziko mbili. Kuna wanaotaka redio za mikoani ziongeze wati zisikike mpaka mikoa ya jirani, na kuna wanaosema hapana, kwanza zijaze mabonde ya kwao, yaani zisikike vizuri mpaka vijiji vya bondeni ndani ya mkoa wao. Mimi niko na hawa wa pili, ila wa kwanza wana hoja ambazo watu wanazipuuza haraka mno.

Tuanze na milima, maana huku ndo inayoamua. FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, na mawimbi ya hapo yanaenda karibu kama mstari ulionyooka, hayafuati ardhi kama yale masafa ya kati ya Redio Tanzania enzi zile ambayo yalikuwa yanavuka mlima na bonde. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare unaona kama kilomita 40 basi. Sasa weka antena kwenye mlima Loleza, ule ulio juu ya jiji la Mbeya, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari wakati jiji lenyewe liko kama 1,700, upeo unasogea kupita kilomita 100 na hujaongeza hata wati moja. Lakini hiyo Loleza haioni nyuma ya Rungwe, mlima unaokaribia mita 3,000, na Kyela iko kule chini kama mita 500 kando ya Ziwa Nyasa. Ni kama tochi na ukuta, ukiongeza betri mwanga unakuwa mkali upande wako tu, nyuma ya ukuta giza ni lile lile.

Na wati zenyewe zinadanganya. Ukitaka ukali wa mawimbi yanayomfikia msikilizaji, ule unaopimwa kwa volti, uwe mara mbili inabidi wati uzidishe mara nne, yaani kutoka 500 uende 2,000, na bili ya umeme nayo inapanda, na jenereta lazima iwe kubwa zaidi maana umeme ukikatika mtambo wa 2,000 hauendeshwi na kijenereta cha dukani. Halafu redio haijiamulii tu. Leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zina ngazi zake, wilaya, mkoa, taifa, na masafa yanapangwa ili redio mbili za namba moja zisikutane. Ukijiongezea nguvu unaenda kumkanyaga mwenzako wa mkoa mwingine.

Sasa kambi ya wati nyingi wanasema hivi, na hapa nawaelewa kabisa: redio inaishi kwa matangazo, na mwenye mbolea au mbegu anauliza kwanza unasikika wapi. Barabara kuu kutoka Iringa, Mafinga, Makambako mpaka Mbeya na Tunduma ni soko moja, dereva wa lori na mfanyabiashara wa viazi wanapita mikoa mitatu kwa siku moja. Redio ikifika huko kote inapata hela, na bila hela hata huo mnara wa kujazia bonde utajengwa na nini? Hoja nzito hiyo.

Ila fikiria mvua. Rungwe mvua ni nyingi sana, na maji yale yanashuka na mto Kiwira na Mbaka mpaka mashamba ya mpunga Kyela, kwa hiyo mtu wa Kyela anahitaji kujua leo huko juu kumenyesha vipi kabla maji hayajamfikia. Taarifa inatoka juu, hatari iko chini, na katikati ndo pale mawimbi yanapokatika. Pawaga na Idodi kule bondeni Iringa ni hivo hivo, na vijiji vya Ludewa vilivyobanwa kati ya milima ya Livingstone na ziwa ndo kabisa. Tangazo la msiba, bei ya mpunga, mbolea ya ruzuku imefika lini, hayo mtu wa mkoa wa tatu hayamhusu lakini kwa mtu wa bondeni ndo redio yenyewe. Mtambo mdogo wa wati 100 kwenye kilima kinachoona kijiji unamfaa kuliko maelfu ya wati upande wa pili wa mlima. Gharama ipo, kila mtambo unataka masafa yake na kibali, unataka sola na mlinzi, sikatai.

Wanaosema watu wasikilize kwa intaneti basi, sawa kwa aliyeko Dar. Kijijini bando ni hela na simu ya kitochi haiingii mtandaoni.

Kinachoniuma zaidi ni ushahidi tunaopigania. Mmoja anapima kwenye gari, antena iko nje juu ya bodi, mwingine yuko jikoni chini ya bati na waya wa earphone ndo antena, halafu wanaitana waongo wakati wote wanasema kweli. Kwa hiyo ukitoa ripoti taja kijiji, chombo gani, ndani au nje, saa ngapi, na zaidi ya yote sema inakwaruza au inaingiliwa na redio nyingine. Ikikwaruza mawimbi hayafiki vizuri, hiyo ni kazi ya redio na mnara wake. Ikiingiliwa, mawimbi yanafika ila yanagongana na ya mwenzake, na hapo ukiongeza wati unamsukumia mwenzako tatizo tu, hiyo peleka TCRA ofisi ya kanda pale Mbeya.